Posa ya Refa

Enzi zile za Mwingereza soko la samaki la Lindi lilifurika asubuhi, watu bega kwa bega. Ziada, buibui limemteleza mabegani, aligeuka na kapu lake la changu akamvaa kijana mmoja mwenye kaptula nyeupe iliyonyooshwa pasi. Changu wakatawanyika mchangani.

"Huna macho, we kaka?"

"Ninayo, ndiyo maana nilisimama. Miguu yangu ilikuwa chini, wewe ndiye uliyenijia. Faulo yako, bibie."

"Faulo! Haya, okota, refa."

Akaokota. Kumbe refa kweli: Ismaili Likwata, mtu wa Mtama, karani wa bandari, mchezeshaji wa mpira wa kikapu. Mapenzi yakaanzia kwenye magamba ya samaki.

Lakini Ziada hakuwa na baba. Walii wake alikuwa kaka yake Yahya, mchezaji mkali kuliko wote mjini, na bila ndiyo yake hakuna nikaha. Mshenga alipopeleka posa, Yahya alicheka upande mmoja wa mdomo.

"Si Jumamosi anatuchezesha? Jibu nitalitoa baada ya mchezo."

Ziada akamfuata Ismaili bandarini. "Mpenzi," alimwambia Ismaili, "siku hiyo usimguse kaka yangu."

"Mimi simgusi mtu, roho yangu. Napuliza tu."

Jumamosi wingu zito liliukalia mji, jani halitikisiki. Yahya aligongana bega na mtu wakiwania mpira, filimbi kimya. Mara mkono kwa mkono, kimya. Watu wakaguna, "Shemeji huyo, kanunuliwa!" Ziada akaona haya. Wakati wa mapumziko akamfuata Ismaili.

"Yaani nimekununua mimi?"

"Hapana, mama. Wawili wakiufuata mpira mmoja, kugusana si kosa. Mimi natazama nani katangulia kufika mahali pale, na nani kaonewa."

Mchezo ukielekea mwisho, Ignasi wa timu ya misheni alisimama wima njiani, mikono kifuani, ametulia kabisa. Yahya akamwingia, akamwangusha chali, akautumbukiza mpira. Vigelegele! Ndipo filimbi ikalia. Kikapu kikakataliwa, na timu ya Yahya ikashindwa.

Yahya akamsogelea refa, akampangusa vumbi begani taratibu, kama ndugu.

"Jibu umeshajipa," akasema.

Posa ikarudishwa jioni ileile. Asubuhi Ziada akajitanda buibui, kama alivyoafikiana na Ismaili.

"Wapi?" Yahya alikuwa amekaa kizingitini, mguu ameunyoosha kuziba mlango.

"Kwa kadhi. Nikamuulize kama mpira ni sababu ya walii kuninyima mume. Akisema si sababu, ataniozesha yeye."

"Ukiuvuka mguu huu, huna kaka. Na yule mwombee dua."

Ziada akapandisha pindo la buibui, akauvuka.

Hakugeuka. Penye kona ya msikiti akasikia makubadhi ya Yahya nyuma yake; hayakimbii, yanakuja tu. Na mbele, kwenye baraza ya kadhi, Ismaili alikuwa amesimama peke yake, anamtabasamia.