Ya Minza Imesafishwa

"Minza ni nani?"

Luhende hakuinua kichwa. Alikuwa anapaka mafuta mgando kwenye kimpira cheusi cha kamera, taratibu, kama anampaka mtoto mchanga. Nje ya studio soko la Bariadi lilikuwa limechangamka.

"Minza yupi?"

"Kwani wapo wangapi?"

Hapo akainua kichwa. Ernestina alikuwa amesimama mbele ya meza na sare yake ya unesi. Hata kukaa hakutaka.

"Juzi umeme ulipokatika hapa, uliniachia simu yako niichaji zahanati. Ujumbe ukatokea kwenye kioo. Nimekaa nao moyoni mpaka umenichosha. Nikusomee?"

"Tina, umeanza kunipekua?"

"Ya Minza nimeshasafisha. Imetoka salama. Ni Salvatory, Lamadi." Alikuwa ameshaukariri. "Haya, nieleze."

Sasa wewe mwambie nesi kwamba ya fulani imesafishwa na imetoka, halafu utegemee afikirie mambo mengine. Ernestina alishawapokea mabinti waliosafishwa vichochoroni, wengine wakiwa hoi. Na Jumapili hii ndiyo lilikuwa linasomwa tangazo la mwisho la ndoa yao kanisani. Ng'ombe walishatoka Nkoma kwa kina Luhende, walikuwa wanalala zizini kwa baba yake, Mzee Mayala, kule Lalago. Kama ni kuvunja, ilikuwa lazima avunje sasa.

"Umempa msichana wa watu mimba, ukampeleka akasafishwe."

Luhende alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja.

"Mayu we, mama yangu, Salvatory ni mpiga picha. Mzee wa watu ana chumba chake cha giza kule Lamadi. Kusafisha ni kusafisha filamu. Iliyotoka ni picha."

Ernestina alihisi aibu, na nafuu kidogo. Lakini hakukaa.

"Picha za Minza."

"Nilitaka nikushangaze siku ya harusi, wewe unaniharibia. Iangalie hii." Akamsogezea kamera. Ilikuwa nzito, ya kijivu, imechubuka pembeni. "Ya zamani hii, inapiga chini ya maji. Haina betri, haina kioo cha kuangalia ulichopiga. Ukiacha hata unywele mmoja kwenye kimpira hiki, maji yanaingia, kwisha habari. Umbali unakadiria kwa macho. Mwanga naupima kwa simu kabla sijazama. Nataka mimi na wewe tupigwe picha za harusi ndani ya bwawa la hoteli kule Lamadi. Nani mwingine Simiyu nzima anazo? Minza ni mhudumu wa pale. Nilimtumia kujaribishia, basi."

"Alivaa nini?"

"Nini?"

"Humo majini. Alivaa nini?"

Swali hilo hakuliokota njiani. Gauni lake la harusi lilikuwa linatunzwa humo humo studio, ndani ya mfuko, maana Luhende alisema anataka kulipiga picha kabla halijakunjamana. Wiki iliyopita Ernestina alifungua zipu alitazame kidogo. Likamnukia dawa ya maji, ile ile wanayodekia wodi. Alijiambia ni mikono yake mwenyewe inayonuka.

"Alivaa gauni lake," Luhende alisema. "Jeusi. Si uone mwenyewe."

Akatoa utepe wa filamu kwenye bahasha, akauinua kuelekea dirishani. Kweli, msichana alikuwa anaelea na gauni jeusi limetanda pande zote.

"Umeona? La kwako jeupe, si ndiyo?"

"Nimeona. Mbona uso wake umekuwa mweupe hivi?"

"Mwanga wa maji huo. Maji yana mambo yake."

"Na hizi picha utazitoaje? Unazirudisha kwa Salvatory?"

Mwanamume akishajiona ameponyoka, hupenda kujisifu. Luhende akajisahau.

"Siku hizi hakuna haja. Unawasha kioo cha simu kiwe cheupe tupu, unalaza filamu juu yake, unaipiga kwa simu nyingine, unageuza rangi. Dakika tu."

"Unageuza rangi kwa nini?"

Luhende akajifanya anafuta kamera. "Ili itoke safi."

Mlango ukafunguliwa, baba mmoja akaingia na wanawe wawili wa picha za pasipoti.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka mhola, baba, karibuni ndani." Luhende akawapeleka nyuma ya pazia haraka, kama aliyeletewa msaada. Simu yake ikabaki mezani. Filamu pia.

Ernestina aliutazama tena ule uso. Minza, Msukuma wa Lamadi anayeshinda juani, amekuwa mweupe kama kapakwa unga. Kama filamu imeugeuza uso, gauni imelionea huruma gani lisigeuke?

Namba ya siri ya Luhende alikuwa anaijua. Akawasha kioo cha simu yake, akalaza filamu juu, akaipiga kwa simu yake mwenyewe, akageuza rangi. Uso ukarudi kuwa mweusi, mzuri, unaotabasamu. Gauni likawa jeupe. Na kifuani pakatokea ushanga ambao mama yake Ernestina aliushona kwa mkono, punje kwa punje, akilalamikia macho.

Alivuta pumzi. Bado alitaka kumpa nafasi. Pengine kweli ni kujaribishia. Akalitafuta jina la Minza kwenye simu ya Luhende, akapiga.

"Niambie, mume wangu."

"Si Luhende. Ni Ernestina."

"Ooh, wifi Tina! Shikamoo wifi."

Ernestina akashika meza.

"Marahaba. Umesema wifi?"

"Jamani, si dada yake mkubwa? Kila siku anakutaja. Na ahsante kwa gauni, wifi. Kaniambia umenishoneshea wewe. Limenikaa kweli, nilijaribu kulivaa hata majini. Harusi yetu Disemba naiona mbali, siku haziendi."

Sauti ilikuwa ya mtu mwenye furaha tu, hana hatia yoyote. Hilo ndilo lilimuuma Ernestina kuliko gauni.

"Minza, mdogo wangu. Mimi si wifi yako. Nakutumia kadi ya harusi yangu, soma jina la bwana harusi. Halafu kaa chini kabla hujaifungua."

Akatuma kwa simu yake mwenyewe, ya Luhende akairudisha mezani, filamu juu yake. Kisha akafungua kundi la kamati ya harusi, ambamo walikuwemo wajomba, mashangazi, na Mzee Mayala mwenyewe. Akaweka picha ya gauni jeupe majini. Chini yake akaandika: "Ya Minza nimeisafisha mwenyewe. Imetoka salama. Mimi siolewi."

Pazia likafunguliwa. Luhende alitoka akitabasamu na wateja wake, akamkuta Ernestina amebeba mfuko wa gauni begani.

"Unaenda wapi na hilo?"

"Kulifua. Simu yako inalia, Luhende. Ni Minza, pokea."

Hakupokea. Alikuwa anatazama utepe wa filamu juu ya kioo kilichokuwa bado kinawaka.

Ernestina alikuwa hajafika kwenye bodaboda simu yake ilipoita. Alijua ni baba. Alijua pia baba alishawatangazia majirani wote ng'ombe wale.

"Baba, nisamehe. Nimekuaibisha."

"Nimeona picha, mayu," alisema Mzee Mayala. "Ng'ombe wa watu kesho wanarudi Nkoma. Wewe rudi nyumbani, mama yako ameshaweka maji ya ugali."