Karibu, Mwanga Wangu

Walikutana asubuhi kwenye foleni ya duka la vifaa vya umeme. Dada kavaa ovaroli yenye gundi mpaka kwenye kola. Jamaa kapiga shati la pasi kali, utadhani anakwenda kuapishwa. Dada ni fundi wa mashine za kutotolesha vifaranga, na siku hiyo alishika kompyuta ndogo ya kuendeshea mashine hizo, bodi tupu ya ukubwa wa kiganja, asijue aanzie wapi. Jamaa, ambaye mtaani wanamwita Profesa kwa kumkejeli, akamwambia asijitese kuipika Linux, programu ya kuiendesha bodi, kuanzia sifuri. Kuna mfumo ulio tayari: unauandika kwenye kadi ya kumbukumbu, unaichomeka, unawasha. Na bahati iliyoje, kadi yenyewe anayo mfukoni.

Bodi ilipowaka, skrini ikaandika: Karibu, mwanga wangu. Hii nimekutengenezea wewe peke yako.

Fundi akalainika kama nta. Miezi mitano simu hazikatiki, hata shangazi yake akaanza kuulizia siku ya posa.

Ndipo mteja mmoja, muuguzi, akaleta bodi yake ya zamani ifungwe kwenye mashine aliyonunua. Fundi akaiwasha. Karibu, mwanga wangu.

"Profesa!" fundi akaropoka.

"Na wewe?" Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenzangu, mimi nililia. Alikuwa na kadi mfukoni, siyo?"

Kwenye simu Profesa hata hakukana. "Mpenzi, mfumo ukikubali bodi moja, unapiga nakala tu. Niandike upya wa nini?"

Siku tisa fundi hakupokea simu yake. Ya kumi Profesa akatuma ujumbe: Jumapili anakuja na pete. Masikini fundi, bado alimpenda. Akamwambia shangazi anataka sentensi moja tu ambayo haijawahi kuingia sikio jingine, akiipata, anaolewa. Yule muuguzi naye fundi akamwalika, awe wa kupima kama hajawahi kuisikia.

Jumapili, shati lile lile, Profesa akapiga goti sebuleni.

"Tangu siku ile kwenye foleni," Profesa akaanza, "nilijua kwamba nyumba yangu…"

"…ni popote ilipo sauti yako," muuguzi akamalizia kutoka kwenye kochi, taratibu, bila hata kumtazama.

Fundi akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Shangazi akamsihi Profesa anyanyuke, asiichafue suruali. Bado ana kazi nayo kwenye sebule nyingine.