Bi Mkubwa wa Silinda Mbili

Asubuhi ile karai lilikuwa kavu.

Nyumbani kwako karai kavu ni karai safi, alhamdulillahi. Lakini karai hili lilikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ni kukaa chini ya tumbo la pikipiki ya Shukri, katika ukumbi wa nyumba yake Kibokoni, likikinga oili. Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza, silinda mbili zimesimama bega kwa bega kama mashahidi wa ndoa. Marehemu babake aliachiwa na rubani mmoja wa meli, Mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Na pikipiki za namna ile, wenyewe wanajua, hazivuji kwa kuwa zimeharibika. Zavuja kwa kuwa zi hai. Ikiacha kuvuja, ujue oili imekwisha.

Shukri akafungua kifuniko cha tangi la oili, akachungulia. Limejaa.

"Mwanakuu," akaita, "ndoo hapa utazame."

"Nitazame nini?" mkewe akajibu kutoka jikoni. "Bi mkubwa amejifungua?"

Bi mkubwa ndilo jina aliloipa pikipiki tangu wiki ya harusi. Alisema yeye ameolewa mke wa pili. Wa kwanza alimkuta ukumbini, ana taa usoni, anang'aa, na kila Ijumaa mume anamwogesha kwa mkono wake mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa Mwanakuu. Hakuwa na neno lisilo na mkia wa mzaha. Hata posa aliijibu kwa swali: "Na huyo mwenzangu umemtaka idhini?" Alikuwa mwanamke wa mwili uliojaa, wa kicheko cha kusikika mtaa wa pili, na Shukri, karani mkimya wa bandarini, alimwoa kwa sababu hakuchoka kumsikiliza. Mwanakuu akipanda nyuma kwenda kwa mamake huko Tudor, springi zikilia kwii, husema, "Vumilia, bi mkubwa, leo zamu yangu."

Akaja, akalitazama karai. "Umri umekwenda," akasema. "Bi mkubwa kishakoma."

Shukri akacheka. Hakumwambia habari ya kitambaa.

Jana yake alikuwa akitoka Likoni, na alipofika upande wa Mbaraki maungio ya silinda ya kushoto yakaanza kumtemea oili kwenye suruali yake ya kutokea. Akasimama kutafuta tambara. Hana, yote Mwanakuu ameyafua, yaning'inia kambani. Kando ya njia palikuwa na kipango kidogo, mahali ambapo watu wenye shida zao hupeleka udi na marashi, na kwenye mzizi mdomoni mwa pango kilifungwa kitambaa cheupe, kisafi, fundo juu ya fundo. Shukri ni mtu wa msikitini. Mambo ya mapangoni aliyaona upuuzi wa watu wasio na kazi. Mafundo yalipomshinda kufungua aliyakata kwa koleo, akakikaza kitambaa kwenye maungio, na oili ikanyamaza pale pale kama mtoto aliyepewa titi.

Siku zilizofuata zilikuwa za fahari. Mashine ambayo kila asubuhi ilimtaka mateke, dua na matusi kidogo, sasa iliwaka kwa teke moja.

"Sheikh, imefunga hiyo?" Zein muuza kahawa alimuuliza. "Haidondoshi hata mate."

"Ni ufundi, yakhe. Ni mkono wa mtu."

Kisha ikawa yawaka kabla mguu haujafika chini, na Shukri akaacha kujigamba.

Halafu ile Ijumaa ya kuiosha, enjini ikinguruma, mkono wake uliteleza ukagusa bomba la moshi la kushoto. Akaruka kwa mazoea, akaupuliza mkono. Haukuungua. La kulia lilichoma kama kawaida, lakini la kushoto lilikuwa baridi, baridi ya ubavu wa mtungi, na moshi wake haukunuka petroli. Ulinukia udi na marashi, na chini ya marashi harufu nyingine, ya chumba alichofungiwa mgonjwa muda mrefu, madirisha yamezibwa.

Alasiri ile Mwanakuu alitaka kwenda Tudor. Shukri akakaa, akangoja springi zilie.

"Panda basi."

"Nimepanda. Au wataka nikupe risiti?"

Akageuka. Yupo, buibui limekusanywa vizuri magotini. Springi zimesimama wima, hazijashuka hata chembe. Akapeleka mkono nyuma akamgusa goti, na goti lipo, lina joto. Lakini njia nzima, kila kona, pikipiki ililala na kuinuka kama iliyobeba mtu mmoja.

Baada ya hapo alianza kumchunga. Ngazi ya mbao ambayo mtaa mzima uliijua kwa kelele ilinyamaza Mwanakuu akipanda. Akikanyaga ukumbi uliomwagwa maji, hakuacha wayo. Na mwili haukupungua. Mashavu ni yale yale, mikono ni ile ile, bangili zimembana vile vile. Alimpeleka zahanati.

"Panda tena, mama," akasema nesi, dada wa bara aitwaye Nanjala. Mshale wa mizani haukusogea. Nanjala akaipiga mizani teke, akapanda mwenyewe, mshale ukaruka. Akashuka, akampandisha Mwanakuu. Mshale ukalala.

"Mizani ya serikali," Mwanakuu akasema taratibu, "yapendelea watu wa bara."

Huo ndio mzaha wa mwisho kumtoka kinywani. Nanjala hakucheka. Alimvuta Shukri kando ya pazia akanong'ona, "Bwana, mimi ni Mkristo, sijui mambo yenu ya huku. Lakini huyu usimngojeze daktari. Mpeleke kwingine. Leo."

Shukri akamrudisha mkewe nyumbani amemshika mkono kwa nguvu, maana upepo wa Ngomeni ulikuwa ukimchukua, ukijaza buibui na kumwinua nyayo kutoka chini, na watu barazani wakidhani mume na mke wanachezeana. Akamlaza, akamfunga kiunoni kwa leso na ncha zake akazikaza kwenye nguzo ya kitanda, na yeye Mwanakuu, ambaye angekuwa na maneno mia juu ya mume anayemfunga mkewe kama mbuzi wa Idi, alilala akitazama dari na tabasamu la adabu, la mgeni aliyekirimiwa, hasemi kitu. Shukri akashuka ukumbini akajaribu kuisogeza pikipiki, na pikipiki aliyoisukuma kwa mkono mmoja tangu ujana wake haikusogea, na saruji chini ya stendi ilikuwa imepasuka na kudidimia, na katika ule ukimya wa mchana, enjini imezimwa, funguo zi mfukoni mwake, alisikia silinda mbili zikipumua kwa zamu, hii ikivuta, ile ikitoa, na pumzi ya kushoto hakuijua, lakini ya kulia, iliyokwama kidogo mwishoni na kupiga mluzi, aliijua, kwa kuwa ndiyo pumzi aliyolala karibu nayo maisha yake yote ya ndoa.

Akatoka mbio kwenda Tononoka.

Bi Mbodze alikuwa mganga wa Kigiriama, mama mwenye raba miguuni na haraka ya mtu aliyeacha foleni nyumbani. Alipoingia ukumbini alisimama mlangoni, akafunika pua.

"Hicho kitambaa umekitoa wapi, mwanangu?"

Shukri akamweleza.

"Ulikifungua au ulikikata?"

"Nilikikata."

Bi Mbodze akaketi juu ya ngazi. "Yule ni jini, alikuwa kifungoni. Alimwingia mwanamke mmoja, akamla uzito wake mpaka jamaa zake wakawa wamshika kama tiara kwenye uzi. Alitolewa kwa shida, akafungwa pale asipate pa kukaa. Nawe umempa kiti, umempa na moto, umemletea na mwanamke mlangoni."

"Kitoe, mama. Nakuomba."

Lakini hakikutolewa. Shukri alipopiga magoti na spana, hakukuwa na kitambaa. Chuma kilikuwa kimeota juu yake, kimevimba na kufungamana kama kovu. Spana ilipogusa kovu, juu chumbani Mwanakuu aliguna.

Kwa mara ya kwanza Bi Mbodze alionekana kuogopa, na mtu mwenye hofu hukata shauri upesi. "Basi," akanong'ona. "Kaitupe baharini, penye mkondo, kesho adhuhuri watu wakiwa kwenye Ijumaa. Atakulilia kwa sauti ya mkeo. Usijibu. Jini hana sauti yake, huazima."

"Na Mwanakuu?"

"Nitakaa naye. Atarudi mzito."

Kesho yake mji ulikuwa kimya, viatu vimejaa milangoni mwa misikiti. Pikipiki iliwaka kabla hajaigusa na kujitoa yenyewe kwenye lile shimo la saruji. Akapita Ngomeni, akashika njia ya pwani hadi juu ya majabali ya Mama Ngina, mahali meli zinapopita chini kwenye mkondo wa Kilindini, na njia nzima springi za nyuma zilikuwa zimeshuka hadi mwisho, na mikono miwili imemzunguka kiunoni, na hakugeuka. Akashuka ukingoni. Akaanza kuisukuma.

Sauti ikaanza. Ikalia. Ikamwita mume wangu, mpenzi wangu, ikamwapia, ikamtishia, ikamkumbusha babake kaburini, na yote kwa sauti ya Mwanakuu, na Shukri, machozi yakimwingia kinywani, akisoma dua alizoweza kukumbuka na kuzirudia pale alipokosea, alisukuma, akateleza, akasukuma tena, akijiambia kwamba mkewe hakupata kulia namna hii, kwamba Mwanakuu hajui kubembeleza, kwamba huyu ni mwizi wa sauti na sauti hii atainyamazisha ili mwenyewe aipate, hata gurudumu la mbele likapita ukingo na uzito wote ukaanza kujivuta wenyewe kwenda chini.

Hapo kilio kikakatika. Kutoka silinda ya kulia, taratibu, kama mtu asemaye na jirani yake kwenye kiti, akasikia:

"Haya, bi mkubwa. Leo twenda fungate sisi wawili. Mume tumwachie vyombo."

Akarusha mikono kuivuta nyuma. Akapata hewa, na kipande cha ngozi ya kiti kilichochanika kikabaki vidoleni mwake. Chini, maji yalifunguka na kufunga.

Alirudi kwa miguu, akikimbia hadi pumzi ilipokwisha, kisha akitembea, kisha akikimbia. Mlango ulikuwa wazi. Bi Mbodze alimpokea ngazini akitoa meno yote.

"Amerudi, mwanangu. Sikiliza."

Juu, mbao zililia chini ya nyayo nzito. Mwanakuu alikuwa amekwisha kuoga, amevaa leso mpya, sahani ya wali imebaki kijiko. Alipomwona mumewe alisimama.

"Karibu, mume wangu. Pole kwa kazi. Ahsante."

Shukri aliketi ukingoni mwa kitanda, na mkewe akaketi karibu naye, na kitanda kikazama. Alikuwa na joto. Alikuwa mzito. Alimtazama kwa upole, mikono imepangwa mapajani, akingoja kuambiwa lolote.

"Sasa nyumba ina mke mmoja," Shukri akasema. "Huna wa kuzozana naye."

"Mungu atubariki," akajibu.

Bi Mbodze alikuwa amesimama mlangoni akifunga mkoba wake. Shukri akalamba midomo. Hakuwa mtu wa mizaha. Mizaha haikuwa kazi yake katika nyumba hii, na hakujua huanziwa wapi. Akajaribu.

"Wajua," akasema, "leo njiani nimekutana na..."

Na Mwanakuu akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha kipimo, na kilikwisha kabla Shukri hajasema amekutana na nani.