Biskuti za Fundi Saa

Fundi Saa alikuwa mtu wa kuwahi. Wageni wa saa kumi jioni aliwaandalia saa tatu asubuhi. Alikata jibini, akapanga vipande juu ya biskuti za chumvi, mistari imenyooka kama vyuma vya saa kwenye meza yake ya kazi. Akafunika sinia kwa kitambaa chenye unyevu, akaliacha mezani. Roho yake ikatulia.

Mkewe alikuwa sebuleni, jicho moja limefungwa bandeji. Alikuwa amefanyiwa upasuaji juzi. Daktari alimkataza kuinama, na kukaribia moto na moshi. Lakini mama huyu hakujua kukaa kitako mbele ya mgeni. Akisikia hodi tu, huyo jikoni! Jambo hilo lilimnyima Fundi Saa raha. Alimpenda mkewe, na alitaka jicho lile lipone.

Saa nane alionja biskuti moja. Haikuvunjika. Ilipinda.

Alikimbia na biskuti ile kwa jirani yao mwenye duka la maziwa. Mtaa mzima ulimwita Mama Maziwa.

"Ulizipanga lini, shemeji?"

"Saa tatu asubuhi."

Mama Maziwa alicheka mpaka akashika kiuno. "Ulikuwa unapika uji au?"

"Usinicheke. Nikikosa cha kuwapa wageni, mke wangu atainuka akapike. Jicho lake je?"

Mama Maziwa akaacha kucheka. "Hainuki mtu. Na hakuna kupika. Sikiliza. Jibini ina unyevu, na wewe ukaongeza kitambaa chenye maji. Biskuti imeunywa wote. Tena jibini ikikaa muda mrefu kwenye joto inaharibika, mtu anaumwa tumbo. Hiyo ya asubuhi itupe."

"Yote?"

"Yote. Chukua hii mpya. Nawa mikono kwa sabuni, osha kisu na ubao. Kata jibini, ifunike, iweke kwenye friji. Ongeza na tango: lioshe, likate, vipande uvifute maji. Biskuti zilizobaki ziache kwenye kopo lake, limefungwa. Hodi ikibishwa, ndipo upange."

"Wageni wakiwa wameshaketi? Si aibu hiyo?"

"Dakika tano tu! Watakungoja, shemeji. Wao si treni."

Saa kumi kamili, hodi. Walikuwa shoga wawili wa mkewe, aliofanya nao kazi kiwandani. Mkewe akashika mikono ya kiti ainuke.

"Ngoja niwatafutie kitu."

"Kaa, mke wangu."

"Wewe utaweza?"

"Kaa tu."

Alileta vyote sebuleni, akapanga mbele ya macho yao: biskuti, jibini, kipande cha tango. Ya kwanza alimpa mkewe mkononi.

*Kwach!* Ilivunjika vizuri.

Wageni walikula, wakapiga soga, wakacheka. Mkewe alicheka nao mpaka jioni. Walipoondoka, alimshika mumewe mkono.

"Miaka arobaini nawapikia hawa," alisema. "Leo ndiyo nimejua huwa wanaongea nini."

Bandeji ilitolewa, na jicho linaona vizuri. Siku hizi hodi ikibishwa, mama hukaa kwanza, akamtazama mumewe kwa macho yote mawili. Fundi Saa huwa ameshafika kwenye friji.