Mjuzi wa Ngazi ya Tisa

Stendi ya Bunda siku ya soko haina adabu. Ukizubaa unakanyagwa, na ukikanyagwa unaulizwa ulifuata nini miguuni pa watu. Ndivyo yalivyomkuta Hamduni, fundi cherehani wa Mwisenge, Musoma, aliyekuwa amekuja kununua vifungo. Basi la kutoka Mwanza liliingia likiunguruma, abiria wakalivamia kabla halijasimama, na mama mmoja mwenye tenga la kuku akampiga kikumbo. Kopo alilobana kwapani likaanguka, kifuniko kikaruka, vizibo ishirini vya soda vikatawanyika vumbini.

Akapiga magoti kuviokota huku akilaani basi, kuku na Mwanza yote. Mkono mwembamba ukamtangulia.

"Kaka, wewe mzima? Mwanaume mkubwa anatembeaga na vizibo kwenye kopo?"

Hamduni akainua macho. Msichana alivaa gauni la kitenge cha njano lililokatwa vibaya kiunoni; hilo Hamduni aliliona, maana jicho la fundi halilali. Mtandio wa kijani ulikuwa umemteleza mabegani, na mfukoni, pale wenzake wanapoweka leso, ilichomoza bisibisi. Macho yake yalicheka kabla ya mdomo.

"Dada, hivyo vina namba, moja mpaka ishirini. Ni vya mchezo."

"Kamari?"

"Astaghfirullah! Mchezo wa hadithi. Mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu wa ndani ya hadithi. Ukitaka kulipiga jitu, unachomoa kizibo. Namba ikiwa kubwa, umelipiga. Ikiwa ndogo, limekupiga."

"Na wewe unakuwaga nani?"

"Mimi ndiye msimulizi."

"Yaani unaongea tu, wenzako wanapigwa. Kazi nzuri hiyo." Akatia kizibo cha mwisho kwenye kopo. "Naitwa Mwanaupe. Natengeneza redio, kibanda kile cha bluu. Sasa gauni langu unaliangalia nini hivyo?"

"Kiuno kimekosewa."

"Kiuno changu?"

"Cha gauni! Cha gauni, dada yangu!"

Mwanaupe alicheka mpaka wapiga debe wakageuka. Basi la Musoma likaondoka bila Hamduni, na hakulilia.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini. Mchezo wenyewe ulitokana na kitabu ambacho mwalimu mmoja mgeni alimwachia Mwalimu Rafaeli wa Butiama aliporudi kwao. Mchwa walikuwa wamekula nusu ya kurasa. Rafaeli alitafsiri zilizosalia, na zilizoliwa Hamduni alizitunga mwenyewe ndani ya kaunta buku lake la vipimo, lenye mabega ya watu upande mmoja na majitu upande wa pili. Na kwa kuwa fundi hapokei kipimo bila kuandika siku, kila kanuni aliyoitunga aliiandikia tarehe.

Walicheza Jumamosi mchana, nyumbani kwa Rafaeli. Butiama ilikuwa katikati: Hamduni alishuka Makutano, njia panda ya kwenda Butiama, akitokea Musoma, Mwanaupe naye alishushwa hapo na Keraryo, dereva wa lori la pamba, ambaye pia alikuwa mchezaji. Kila mmoja alijichagulia mtu wake. Keraryo alikuwa Mwindaji. Rafaeli alikuwa Mpiganaji aitwaye Ngao, mwenye pumzi kumi na mbili, yaani apigwe mara kumi na mbili ndipo afe.

"Mimi nataka huyu anayetumia maneno," alisema Mwanaupe siku ya kwanza.

"Huyo ni Mjuzi," Hamduni alimwonya. "Zamani tulimwita Mchawi, majirani wakatuchongea kanisani. Lakini ana pumzi nne tu, na neno moja kwa siku. Akishalisema amekwisha."

"Paka wa jikoni anaweza kumwua," Rafaeli akadakia.

"Basi nitakaa mbali na paka."

Akamwita mtu wake Bi Radi. Mwaka mzima Bi Radi alijificha nyuma ya Ngao, akasema neno lake moja la usingizi, kisha akakaa chini kama mzigo. Walimtania. Mwanaupe alicheka nao, akavumilia, akapanda ngazi za mchezo moja baada ya nyingine, kila ngazi ikimwongezea nguvu ya maneno.

Na nje ya mchezo je? Ukweli usemwe. Miaka ya foleni, kabla hawajajuana, dukani hakuna kitambaa wala sabuni, Hamduni alikuwa mfalme wa Mwisenge. Alishona mashati kwa magunia ya unga, akageuza mapazia kuwa suruali, na wakubwa wa ofisini wakamwita "fundi wetu" kwa sauti laini. Wakati huohuo, Bunda, Mwanaupe na marehemu baba yake walikaa na redio za watu zisizo na betri, wakizipangusa vumbi tu. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Marobota ya mitumba yakaingia Musoma, redio kaseti zikaingia Bunda. Dunia ikageuka upande, na Hamduni akabaki palepale ameshika mkasi.

Lakini walipendana, tena sana. Hamduni alilifumua gauni la njano akalirudisha likiwa limekaa mwilini barabara. Mwanaupe akawa anampigia simu dukani kwa Omari, jirani yake.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula sato. Na wewe, fundi wangu?"

"Mimi nimekula moshi wa risasi ya kulehemu. Nikumbuke, baba."

Omari alikuwa akikohoa makusudi. Hamduni alikuwa akirudi kwenye kiti na kukanyaga pedali ya cherehani bila kitambaa chochote chini ya sindano.

Halafu Jumanne moja ya mwezi wa tatu, tisini na mbili, Mwanaupe akapiga simu. "Hamduni! Nimepata fremu ya duka barabarani kabisa! Na nimechukua vijana wawili nawafundisha. Unanisikia?"

"Nakusikia. Hongera." Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Mbona hongera yenyewe ina homa?"

"Simu tu hii, mpenzi."

Haikuwa simu. Wiki ile alikuwa ameshona sare mbili tu za shule. Alipotoka kwa Omari alimkuta mteja amekuja na suruali ya mtumba: afupishe pindo tu, ilikuwa imeshonwa tayari na watu asiowajua. Alifupisha pindo. Kisha akafungua kaunta buku na kuandika kanuni mpya, haraka, bila kuinua kalamu.

Jumamosi iliyofuata aliwasomea wenzake kule Butiama. "Mjuzi wa ngazi ya nane na kuendelea, akisema neno kubwa, atapoteza sauti kwa zamu tatu."

Bi Radi sasa alikuwa ngazi ya tisa. Wiki mbili nyuma aliita moto kutoka angani ukateketeza majitu arobaini, wakati Ngao alikuwa bado anahangaika na jitu moja.

"Ni usawa tu," Hamduni alisema, akikwepa macho ya Mwanaupe. "Mwalimu mwenyewe alilalamika."

"Nililalamika kweli," Rafaeli alikiri. "Nilisema mimi siku hizi nabebaga mizigo tu."

"Usawa," Mwanaupe alirudia. "Nilipokuwa na pumzi nne, mkisema nitauawa na paka, kuna aliyesema tusawazishe? Nilingoja, Hamduni. Sasa nimefika, unataka nikisema neno kubwa ninyamazishwe!"

"Mchezo haunogi kama mmoja anafanya yote."

"Basi muongeze Rafaeli! Mpe Ngao jeshi aongoze, mpe ngome. Kwa nini dawa ya mwenzangu kukosa ni mimi kunyang'anywa?" Akalivuta kaunta buku kuisoma kanuni kwa macho yake. Kidole chake kikasimama pembeni ya ukurasa. "Tarehe kumi na saba. Hiyo ilikuwa Jumanne."

Hamduni akaanza kurudisha vizibo kwenye kopo.

"Jumanne nilikupigia kuhusu fremu."

"Upe..."

"Siyo Bi Radi unayemnyamazisha." Alisema polepole, na hilo lilimuuma Hamduni kuliko angepiga kelele. Akajifunga mtandio, akamwomba Keraryo amrudishe Bunda. Keraryo alimtazama Hamduni kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyetumbukia kisimani kwa hiari yake, akachukua ufunguo wa lori.

Wiki tatu Hamduni hakutulia. Alikata mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Alitembea mpaka ziwani, akafika, akasahau alichofuata, akarudi. Alipiga simu kibandani Bunda, kijana akajibu, "Fundi yuko bize." Mwishowe akaenda posta kuomba simu ya mbali kupitia kwa Marcelina, mpokea simu, aliyejulikana Musoma nzima kwa kutunza siri baada ya kuzisikiliza zote.

"Haloo, Upe? Nimeifuta ile kanuni!"

"Umeifuta kwa sababu nimekasirika. Kesho nikifurahi utairudisha."

"Siirudishi, wallahi!"

"Basi niambie kwa nini uliiandika."

Hamduni akaupindapinda waya wa simu. Ndani ya kile kijumba cha simu palinuka jasho na karatasi. "Kwa ajili ya... usawa."

"Kwaheri, Hamduni."

"Dakika tatu zimekwisha," Marcelina akaingilia, ingawa hazikufika hata mbili. "Kaka, na mimi niseme? Hapo umeharibu."

Alirudi Mwisenge akiwa na hasira na Marcelina, kisha na mitumba, kisha na serikali. Alipofika mlangoni pake hasira zote zilikuwa zimeisha, akabaki na woga mtupu. Akautazama. Alimpenda yule msichana na alikuwa anampoteza, na aliyekuwa akimpokonya alikuwa yeye mwenyewe. Kesho yake alfajiri alimwambia Omari jambo, Omari akapiga yowe, na kabla jua halijapanda mtaa mzima ulikuwa unacheka.

Saa nne asubuhi aliingia kwenye fremu mpya ya Bunda, shati lake jeupe likiwa limelowa mgongoni. Redio tano zilikuwa zinajaribiwa kwa pamoja. Mwanaupe, akiwa amevaa lile gauni la njano, aliinamia saketi, hakuinua kichwa.

"Karibu mteja. Redio ina tatizo gani?"

"Inaogopa."

Mwanaupe akawaambia vijana wake wakanywe chai.

"Niliogopa, Upe," Hamduni alisema akiwa wima, maana hakukaribishwa kiti. "Wewe ulikuwa unapanda, mimi nashuka. Niliona siku moja utanitazama kama Rafaeli anavyojitazama, mbeba mizigo. Fremu yako sikuweza kuipunguza, nikampunguza Bi Radi. Ni aibu. Ndiyo sababu, hakuna nyingine."

Mwanaupe aliweka chini chuma cha kulehemu. Macho yake yalikuwa yameloa, na hakuyaficha.

"Sasa Hamduni, nani alikuambia mimi na wewe tunapigana? Kule Butiama mimi na Ngao tuko upande mmoja. Jitu ndilo adui. Nikiyachoma arobaini, si tumeshinda wote?"

"Mmeshinda. Lakini Ngao anarudi nyumbani bila kazi."

"Kwa hiyo anataka kazi."

"Na mimi nataka kazi," Hamduni akasema.

Nje, mtu alikuwa ananadi vitunguu. Mwanaupe alisimama, akaja karibu, akamnyoosha kola ya shati kwa vidole vyenye masizi akaichafua kabisa.

"Hawa wa sekondari hapa Bunda wanavaa mitumba inayowapwaya kama mahema," alisema. "Wakati wa chai wananiulizaga mimi kama najua fundi wa kupunguza viuno. Mimi, fundi redio! Wangekuwa na fundi wao... lakini wewe una Mwisenge yako. Mwanaume hahamii kwa mwanamke. Watasema umeolewa."

"Wameshasema. Omari ananiita bi harusi tangu alfajiri. Mtaa mzima umenisindikiza kwa vigelegele."

"Kukusindikiza wapi?"

"Huku. Nimeshahama." Akaelekeza kidole stendi. "Cherehani changu kiko juu ya basi."

Mwanaupe alimkodolea macho. "Umehama kabla hujajua kama nitakusamehe?"

"Ungekataa ningeshonea stendi. Sikuja kukutega, mama. Nimekuja kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kuwa, ukinitaka na usiponitaka. Ila nakuomba unitake. Nataka nikuoe."

Kwa mara ya kwanza tangu Butiama, Mwanaupe alicheka, huku machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. "Wewe mwanaume huna adabu! Posa inaletwaga na mposaji mwenyewe, tena dukani, tena bila hata kanzu?"

"Nitatuma wazee."

"Watume. Mjomba wangu atawauliza maswali mengi, waache wajibizane. Wazee wakishachoka nitaulizwa mimi, na mimi nimeshakubali." Akajifuta uso kwa mtandio, kisha akasimama ghafla. "Hamduni, umepanda basi gani?"

"La saa mbili, lile kubwa."

"Lile linaendaga Mwanza!"

Kutoka stendi honi ililia mara mbili, ndefu, ya kuondoka. Mwanaupe aliukamata mkono wake, wakatoka mbio, mafundi wawili, redio zote tano zikiachwa zinaimba kila moja wimbo wake.