Programu Mbili Dhidi ya Moja

Kila asubuhi, kabla hajamnyoa mtu yeyote, kinyozi alifungua simu yake kutazama lini atamwona mke wake.

Mke huyo alikuwa ng'ambo, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliondoka binti yao akiwa bado anatambaa. Sasa binti yuko darasa la kwanza, meno ya mbele yamekwenda zake, na mama anamjua kwa simu tu. Ndiyo maana waliomba kibali, baba na mtoto wamfuate huko. Ombi lilikuwa kwenye idara ya uhamiaji ya nchi ile. Kilichobaki ni kusubiri, na kinyozi yule kusubiri hakujui hata kidogo.

Alikuwa na njia tatu za kufuatilia ombi. Ya kwanza ilikuwa programu ya kijani. Ukiifungua inarusha fataki kwenye kioo: "Hongera! Asilimia tisini na mbili!" Ya pili ilikuwa na picha ya ndege anayetabasamu, nayo inasema, "Funga mizigo!" Ya tatu ilikuwa tovuti ya idara yenyewe. Hiyo ni ya kijivu, haina picha, haina hata salamu. Inasema tu: "Ombi linashughulikiwa. Una ujumbe mmoja. Ingia usome."

Kinyozi hakuingia. Neno la siri alishalisahau. Isitoshe, kitu kilichonuna vile kinaweza kuleta ujumbe gani wa maana?

Basi akawa anaaga wateja. Mzee mmoja alipewa mkono wa kwaheri, mwezi uliofuata akarudi, akamkuta kinyozi palepale na mashine yake.

"Wewe hujaondoka?"

"Naondoka, mzee wangu."

"Haya, ninyoe kwanza."

Jioni moja mama mkwe aliitisha kikao. Aliishi nao, akimlea mjukuu. Zamani alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na hajakubali mpaka leo kwamba muda wake umekwisha.

"Mkwe wangu, simu inasemaje?"

"Mama, mbili zinasema tunaondoka. Moja inasema nisome ujumbe."

"Basi tupige kura." Akanyoosha mkono kwa niaba ya ile ya kijani. Akanyoosha wa pili kwa niaba ya ndege. "Wawili dhidi ya mmoja. Imepita! Hiyo ya kijivu achana nayo, inatutia nuksi."

Siku hiyohiyo kitanda cha kinyozi kilichukuliwa na mpwa wake. Mtu anayeondoka kitanda cha nini?

Jumatano jirani yao, mkunga, alipita kuwajulia hali. Alikuwa rafiki wa mke wa kinyozi tangu zamani. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, akaona godoro liko sakafuni.

"Shemeji, kitanda kimekwenda wapi?"

"Tunaondoka, shemeji. Asilimia tisini na mbili."

"Tisini na mbili ya nini?"

"Ya... ya kuondoka."

Mkunga aliomba simu. Mwaka uliopita alikuwa amefuatilia ombi la mume wake, na machozi yake kwenye mambo hayo alishayamaliza.

"Hawa wenye programu faili lako hawajaliona," alisema. "Wanakusanya habari za waombaji wengine, wanapiga hesabu, wanakisia. Kuna watu hunisimamisha njiani kuniambia fulani atazaa mapacha, eti wamemwona akipita dirishani. Mimi siwezi kusema mpaka nimpime."

"Kwa hiyo ni waongo?"

"Si lazima. Ukitaka kujua kwa kawaida watu husubiri muda gani, wanaweza kukupa picha. Lakini ukitaka kujua ombi lako wewe liko wapi, muulize mwenye faili. Mwenye faili ni idara. Anwani ya tovuti yake iko kwenye risiti uliyopewa ulipoomba. Ichukue hapo, usibahatishe. Wako wanaojifanya idara."

Mama mkwe hakuvumilia. "Lakini mwanangu, ni wawili dhidi ya mmoja!"

Mkunga alishuka mpaka chini kabisa ya programu ya kijani. Akafanya hivyo kwa ile ya ndege. Zote mbili zilikuwa na jina la kampuni moja.

"Lo! Kumbe ni mtu mmoja kapiga kura mara mbili!" mama mkwe alifoka. "Uchaguzi wangu umeibiwa!"

"Na huyu ndege," mkunga aliuliza, "hajakuomba neno lako la siri la idara?"

"Aliomba. Alisema ataniharakishia. Ningempa, ila nilikuwa nimelisahau."

"Mshukuru Mungu kwa usahaulifu wako! Neno la siri hapewi mtu. Akilipata, anaingia huko na kujifanya wewe."

Wakafungua ile ya kijivu, wakabonyeza palipoandikwa "Nimesahau neno la siri", kinyozi akatengeneza jipya. Ujumbe ukafunguka. Alianza kuusoma kwa sauti kubwa, akamaliza kwa kunong'ona: "Majibu ya vipimo vya afya vya mtoto hayajapokelewa. Yasipofika kufikia Ijumaa, ombi litafungwa."

Kinyozi alikaa kwenye godoro. Aliogopa, wala hakuficha. "Likifungwa tunaanza upya. Nitamwambia nini mke wangu? Kwamba nilikuwa natazama fataki?"

"Utamwambia mtoto ameshapimwa," mkunga alijibu. "Hospitali wanazozikubali zimetajwa hapo chini. Kesho alfajiri muwe mlangoni."

Kesho yake kinyozi hakufungua kazi. Mtoto alichomwa sindano, akalia. Bibi yake alilia zaidi, mpaka muuguzi akampa kiti. Hospitali ikatuma majibu, na Ijumaa mchana tovuti ya kijivu ikaandika: "Vipimo vimepokelewa. Ombi linashughulikiwa." Maneno yale makavu kinyozi aliyasoma kama barua ya mapenzi.

Programu ya ndege aliifuta. Ya kijani mama mkwe aliomba ibaki, apate kutazama fataki, lakini haki ya kupiga kura aliinyang'anya. Kinyozi akajiandikisha kwenye tovuti ya idara ili kukiwa na habari aletewe ujumbe, na kila ujumbe aliusoma siku hiyohiyo. Kitanda alikwenda kukidai. Mpwa alisema kimeshamzoea.

Miezi ikapita. Kisha asubuhi moja ikaja: "Ombi limekubaliwa." Kinyozi alipiga ukelele, mteja akaruka kitini na povu kidevuni.

Walipotua ng'ambo, mke alikuwa amesimama mlangoni pa uwanja wa ndege, analia na kucheka. Binti hakusogea. Alimtazama mama yake kuanzia nywele mpaka viatu. Kwenye simu alikuwa anaona uso na mabega tu.

"Baba," alinong'ona, "kumbe mama ana miguu!"

Akaikimbilia, akaikumbatia.