Kitanda cha Numbi Kilichokwama Mlangoni

— Inamisha! Inamisha kwako, Kakule!

— Niinamishe wapi tena? Iko inanikata bidole!

— Sukuma kushoto!

— Kushoto yako ao yangu?

Alhamisi hiyo, nusu ya mtaa wetu wa Katuba ilikuwa imejaa katika parseli ya Mama Régine, yaani uani kwake, na nusu nyingine ilikuwa juu ya ukuta ikichungulia. Kilichokwama kwenye mlango wa chumba kilikuwa kitanda. Nasema kitanda kwa sababu sina neno lingine. Ukilala upande mmoja, mwenzako wa upande wa pili ilibidi umpigie simu. Kichwa chake kilisimama kama altare ya kanisa, na kilikuwa cha mulombwa, ule mti mwekundu ambao nimeona ukivunja meno ya msumeno na fundi akalia kama mjane.

Miguu ya kitanda ilikuwa imeshaingia sebuleni. Kichwa kilikuwa kimekataa. Ndani ya chumba, nyuma ya kitanda, alikuwa Numbi mwenyewe, bwana arusi wa Jumamosi, akisukuma. Sebuleni Kakule, mdogo wa bibi arusi, alikuwa akivuta. Pembeni yake alisimama bibi arusi, Emmanuella, kitambaa kichwani, jasho likimtiririka hadi kidevuni.

— Mulamu, Kakule alimwita shemeji yake, hii kitu haitoke. Kamio iko inaunguza mazutu pale inje. Tufungue boulons, tuitoe bipande bipande.

Numbi akaanza kufuta vumbi kwenye kichwa cha kitanda.

— Numbi, unasikia? akauliza Emmanuella. Boulons.

— Haina boulons, Ema.

— Haina namna gani? Miye mwenyewe nilikununuliaka boulons!

— Zilikuwa fupi. Nilitia colle na misumari. Nilitaka ikomae.

Watu wa juu ya ukuta, waliojua kwamba gundi haifunguliwi, wakasema «eeeh!» kwa sauti moja.

Ili mjue uchungu ulipo, lazima niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka uliopita Numbi na Emmanuella waliingia duka moja la mjini kuuliza bei ya kitanda. Muuzaji aliwatajia bei, Numbi akamwuliza kama kitanda hicho kinauzwa pamoja na mtu wa kukilalia. Wakatoka wakicheka hadi barabarani. Numbi akasema:

— Ema, tutatengeneza bintu byetu siye benyewe. Meza, biti, kitanda, byote. Ile tutabakisha, tutalipia nyumba kule Kasapa.

— Unajua kutengeneza?

— Nitajifunza mu telefone.

Akajifunza kweli. Kiti cha kwanza kilikuwa na miguu mitatu inayogusa chini na mmoja unaopepea hewani kama mbwa anayekojoa. Cha pili kilikuwa afadhali. Cha tatu kilikaliwa hata na padri. Emmanuella alikuwa anakuja kila akitoka kwenye depo ya shangazi yake, anafunga kitenge kiunoni na kupiga msasa. Alipiga msasa hadi alama za kidole zikaisha, telefone yake ikakataa kumtambua, ikamwambia ajaribu tena. Meza na viti vilitengenezwa uani. Kitanda tu ndicho Numbi alikitengenezea chumbani mwake, akisema mvua itaharibu mbao. Na mvua ilikuwa inanyesha kweli, kwa hiyo nani angebisha?

Sharti lilikuwa moja. Siku ya dot, yaani ya kutoa mahari, Tantine Mbambu, shangazi aliyemlea Emmanuella, mwanamke anayeuza maharage ya Butembo kwa jumla na maneno kwa rejareja, alisimama mbele ya jamaa zote mbili akasema:

— Bikombe na mbuzi tumeona, merci. Sasa musikie. Kwetu muke halale nyumba moja na mama mukwe, hata usiku moja. Nyumba yao kama haiko, kanisa haiko.

Wote walipiga makofi. Mama Régine, mama ya Numbi, naye alipiga makofi. Polepole, lakini alipiga.

Turudi mlangoni.

— Dirisha? akauliza Kakule.

— Iko na antivol, akajibu Numbi kutoka ndani, akigonga nondo za dirisha. Na iko kidogo.

— Basi tubomoe kidogo pembeni ya mulango. Maçon atatengeneza kesho.

Hapo Mama Régine, ambaye muda wote alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha la sebule akichambua matembele, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

— Kubomoa nyumba ya nani? Hii nyumba marehemu bwana yangu alijenga na mikono yake, njo mwenye aliachia chemin de fer, kazi ya reli, mapafu yake. Babomoe juu ya kitanda?

— Mama, ni matofali mbili tatu tu, akasema Emmanuella kwa heshima.

— Mutoto yangu, kitanda yenyewe imekataa kutoka. Miye sikusema kitu. Lakini kama imekataa, imekataa. Chumba ni kikubwa. Nyumba ni kubwa. Dada zake bote balienda, moja Kipushi, moja Sakania, babiri kule Kolwezi. Mulale tu hapa. Nani atabakatalia?

— Miye! ilisikika sauti kutoka mlango wa nje.

Tantine Mbambu alikuwa amechoka kukaa kwenye kamio, lile lori lililokuwa likinguruma nje. Aliingia akijipepea na pochi.

— Miye njo nitabakatalia. Mama Régine, jambo. Sikulea mutoto nikamuleta kwenu akuwe boyi.

— Nani alisema boyi?

— Matembele njo inasema. Hayo unachambua ya nani? Unamungojea nani akuye apike?

Watu wa ukutani walianza kucheka, kisha wakaona uso wa Emmanuella wakanyamaza. Msichana huyo hakuwa akicheka wala kugombana. Alikuwa anatazama kitanda. Alipitisha kiganja kwenye mbao aliyoipiga msasa yeye mwenyewe, mahali palipong'aa kama kioo.

— Basi, akasema. Tuache kitanda.

— Namna gani? akauliza Numbi.

— Tuache. Ibakie hapa, mama atalalia. Siye tutatia matela chini kule Kasapa. Meza iko ndani ya kamio, biti iko, sahani iko. Ruka hapa juu, Numbi, tuende.

Jibu la haraka lingekuwa «tuende». Neno moja. Hata mtoto anayeanza kusema angeliweza. Numbi akafuta jasho, akatazama chini.

— Ema, siwezi kulalisha muke yangu chini.

— Miye njo nasema nitalala chini. Sikulalamika.

— Bantu batasema nini?

— Bantu bako hapa bote, waulize!

— Alale chini! wakaitikia watu wa ukutani. Iko muzuri kwa mugongo!

Tantine Mbambu akamwambia mpwa wake:

— Pigia bailleur, mwenye nyumba ya Kasapa. Mwambie tunafika sasa hivi, afungue mulango. Huyu bwana ataruka kitanda akisikia funguo.

— Non, akasema Numbi kwa kasi. Non, Ema, acha. Nitamupigia miye.

Aliisema kwa sauti ambayo Emmanuella hakuwahi kuisikia kutoka kwake. Msichana akamtazama. Akatoa telefone, akatia kidole, telefone ikakataa, akaandika namba za siri, akapiga. Akaweka haut-parleur ili na shangazi asikie.

— Allô? Papa Alphonse? Jambo papa. Ni Emmanuella, ya Numbi. Tuko njiani na bintu.

— Bintu gani, mama?

— Ya nyumba. Tunaingia leo.

Nyuma ya sauti yake watoto walisikika wakicheza.

— Mama, Numbi hakukuambia? Alikuyaka hapa, kitambo sasa. Aliniambia mutabakia kwa mama yake, nitafute bantu bengine. Nikamurudishia garantie yake yote, ile feza alilipaka mbele. Mule ndani sasa iko jamaa ingine na batoto babo.

— Merci, papa.

— Pole, mama. Miye niliwaza mulisikilizana.

Akakata. Sebule nzima iliweza kusikia matembele yakivunjika vidoleni mwa Mama Régine.

Kakule ndiye aliyefungua kinywa kwanza.

— Mulamu... ile kamio niliyoijaza miye asubuhi yote, nilikuwa napeleka wapi?

Numbi aliinamisha kichwa. Alikuwa amesimama nyuma ya kitanda, mikono juu ya mbao, kama mtu aliye kizimbani.

— Numbi, akasema Emmanuella. Nikuulize kitu moja.

— Ema, nilikuwa nitakuambia.

— Nikuulize. Wakati tulikuwa tunatengeneza, ulikuwa unapima kila ubao. Unapima, unaandika na crayon, unapima tena. Hata mugongo yangu ulinipimaka, ujue kiti ya kunienea. Kweli ao hapana?

— Kweli.

— Kichwa ya kitanda ulitia colle ile siku miye na tantine tulienda Sakania kutafuta bitenge ya arusi. Kweli?

— Kweli.

— Na mulango? Mulango ya chumba yako mwenyewe, unapita pale tangu mutoto. Ulipima?

Mama Régine akasema:

— Mwanangu, usijibu bintu bya...

— Nilipima, akasema Numbi.

Mimi nimeishi miaka mingi na nimesikia waume wakikiri wanawake, pombe, madeni, hata mtoto wa nje aliyekuja na ndevu zake. Sijapata kusikia neno lililoangusha nyumba kama hilo.

— Ulipima, Emmanuella akarudia.

— Nilipima, nikaona ikiwa na kichwa haitatoka. Nikatia colle. Ema, sikiliza. Mama alikuwa analia kila siku. Batoto bote balimuacha. Aliniambia nikitoka atakufa. Na weye ulikuwa unaimba Kasapa, Kasapa. Miye nikashindwa kukuambia, nikashindwa kumuambia. Nikawaza, kitanda ikikataa, hakuna mwenye atakuwa na kosa. Utaona ni muzuri, utaipenda, utakubali weye mwenyewe.

— Niliipenda.

— Unaona!

— Nilisugua ile mbao mpaka bidole biliisha, Numbi. Ulikuwa unanipatia papier verre, unaniambia «hapa bado, chérie, sugua na hapa». Na ulikuwa unajua. Kila siku nilikuwa nasugua mulango ya kufungwa kwangu, na weye unanichekea.

— Sikukucheka. Nakupenda.

— Najua. Njo mubaya yenyewe.

Tantine Mbambu alikuwa ameanza kuvua viatu, dalili mbaya, lakini mpwa wake alimshika mkono.

— Tantine, nipe dakika moja. Numbi. Nyumba ya Kasapa imeenda, iende. Tutatafuta chumba fasi ingine, hata kimoja. Nitasema kwa padri tusongeshe siku. Nitasahau colle, nitasahau boulons. Mama yako nitakuwa nakuya kumuona, nitamupikia, hatabakia peke. Lakini utoke sasa. Kitanda iko juu kidogo pale kwa miguu. Inama, pita chini, toka. Ukitoka, tunaenda.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi. Na hivi ulivyo.

Kakule aliinua mguu wa kitanda kidogo ili nafasi iwe kubwa zaidi. Mtu mzima angepita akiwa amepiga magoti. Hata vumbi la sakafu lilikuwa limefagiliwa.

Numbi akamtazama Emmanuella. Kisha akatazama kule kwenye kiti karibu na dirisha.

Mama Régine hakulia, hakujishika kifua. Alisimama tu, akachukua sufuria ya matembele, akaelekea jikoni, na alipopita karibu na mlango akasema kwa sauti ya kila siku:

— Numbi, matembele na karanga ao na samaki?

Kijana akafumba macho. Alipoyafumbua, alikamata kichwa cha kitanda kwa mikono miwili, akakivuta kwake. Kitanda kilichoshindikana asubuhi nzima, kilichotoa damu vidoleni mwa Kakule, kilirudi ndani polepole, bila kukwaruza ukuta, bila kelele.

Mlango ukabaki wazi kati yao. Hakuna aliyeupita.

— Na samaki, akasema.

Emmanuella akafungua kitambaa kichwani, akajifuta uso, akatoka nje. Watu wa ukutani walishuka mmoja mmoja bila kuambiwa.

Kwenye kamio Tantine Mbambu alishika kiti cha kwanza alichokiona, akataka kukitupa chini.

— Bintu byake tumuachie! Dot yake tutarudisha, na hii miti yake asongee bukari!

— Acha, tantine. Ile nilisugua miye. Na hii nilipigilia miye.

— Utakalia kiti ya aibu?

— Nitakalia. Niko nimechoka.

Akapanda nyuma ya kamio, akaweka kiti katikati ya meza na masanduku ya sahani, akaketi, mgongo kwa nyumba ya Mama Régine. Kakule akashika usukani, lori likaondoka. Walipita Katuba hivyo, msichana ameketi wima juu ya kamio kama mgeni wa heshima, na watu wa barabarani wasiojua kitu walimpigia vigelegele wakidhani ni arusi. Baadhi aliwapungia mkono. Angefanya nini?

Walipofika njia ya lami, telefone ikalia. Ujumbe wa Numbi:

«Ema nisamehe. Nitabomoa ukuta. Kesho mapema naita maçon, nitatoa kitanda, nitakuletea kule kwenu. Ukuta nitabomoa yote.»

Aliusoma mara mbili. Kamio ilipita shimo, kiti kikaruka naye, kikatua imara kwa miguu yake yote minne.

Akaandika:

«Ukuta haikunikosea kitu.»

Akazima telefone, akaitia kifuani, akashikilia meza isiteleze.